Mwenyewe aje achukue

Asubuhi ya Jumatatu pale feri ya Likoni hakuna bwana wala mtwana. Mawakili na tai zao, wauza mihogo, walimu, mafundi wa bandarini, watoto wa skuli, sote tunabanana kuelekea lango moja, na langoni kuna askari wanaopekua. "Fungua mkoba." Nafungua. Mna chupa ya chai, mahamri mawili niliyoyafunga kwa gazeti, miwani, chaja ya simu na faili la ofisini. Askari wa kike anatia mkono, anayabonyeza mahamri, anacheka: "Dada, mawili tu? Na sisi je?" Napita. Hatua chache mbele yuko mbwa wa kunusa, ulimi nje, nami nalikusanya buibui langu, kwa sababu akinilamba ni kuosha mara saba, moja yake kwa mchanga, na ofisini kwetu mchanga sina.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, waulize watoto wangu, lakini pale feri sijawahi kukasirika. Naona upuuzi wake, hilo nakubali. Ni kama kule madukani: bawabu anakupitishia kile kifimbo chake, kinalia, anauliza "Ni simu?", unamwambia "Ni simu", anasema "Haya, pita." Ningekuwa na bunduki pia ningesema ni simu.

Ila sikasiriki, na nimefikiria sana kwa nini. Aliye mbele yangu amefunguliwa mkoba, na wa nyuma yangu atafunguliwa, awe na rozari, awe na kofia ya vito, awe na suti. Hakuna anayeniuliza babu yangu alizaliwa wapi. Mkoba unafungwa na mambo yanaishia hapo.

Nimekuwa karani katika ofisi ya wakili hapa Mombasa kwa miaka 14. Nachapa mambo ya mirathi, mashamba, talaka, na kwa kipindi fulani nilichapa sana yale maombi ya kuitaka mahakama iamuru mtu aletwe mbele yake, yu hai au amekufa. Kwa hivyo nikiwasikia wakubwa redioni wakisema kwamba usalama na haki ni kama mizani, ukitaka huku kuzidi lazima kule kupungue, huwa nasimamisha ninachokifanya. Mizani hiyo sijapata kuiona ikifanya kazi. Niliyoyaona mtaani kwetu yalikwenda kinyume chake.

Kwanza niseme la hofu, maana wengi wanaoandika habari za haki huliruka kama dimbwi. Hofu ni ya kweli. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu la ubalozi wa Marekani liliua zaidi ya watu 200 Nairobi, na la Dar es Salaam, lililolipuka karibu wakati ule ule, likaua 11, na wengi wao walikuwa watu wa huku huku waliokuwa wakienda zao kazini. Tarehe 28 Novemba 2002 ikawa zamu yetu Pwani. Gari la mabomu liliingia hoteli ya Paradise, Kikambala, wageni kutoka Israel wakiwa ndio wanafika, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo wacheza ngoma wa Kigiriama waliokuwa wakiwapokea. Nilikuwa skuli. Tulitolewa darasani tukaambiwa twende nyumbani moja kwa moja, tusisimame njiani.

Na hofu nimeibeba mwenyewe. Wiki ya shambulio la duka kubwa la Westgate, Septemba 2013, watu 67 wamekufa Nairobi na picha haziishi kwenye runinga, nilipanda matatu jioni. Akaingia kijana mwenye ndevu na kanzu fupi, begi mgongoni, akakaa kiti cha mbele yangu, jasho linamtoka. Nilishuka kituo kilichofuata. Mimi, mvaa buibui, binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani, nilishuka kwa sababu ya ndevu na begi. Nikasimama barabarani naona aibu mpaka matatu nyingine ikaja. Huenda alikuwa anakimbilia mtihani. Kwa hiyo sitamcheka mtu yeyote aliyeogopa, wala sitamcheka waziri anayelala akiwaza basi lipi litalipuliwa kesho.

Lakini mimi nilipoogopa nilishuka tu matatu. Dola ikiogopa ina mikono mirefu.

Mwaka 2003 serikali ilileta mswada wa kupambana na ugaidi. Ulikuwa na kifungu kilichotaka kumtia hatiani mtu anayevaa nguo hadharani kwa namna ya kuzusha shaka kwamba ni mfuasi wa kundi lililopigwa marufuku. Kwenye mabaraza ya kahawa Mji wa Kale wazee waliuliza swali moja: nguo gani hiyo? Kofia? Kanzu? Mswada ulipigwa vita ukaondolewa. Ila mwanzoni mwa 2007, hata bila sheria hiyo, makumi ya watu waliokimbia vita Somalia wakakamatwa upande wa Kenya, wakapakiwa ndegeni usiku kupelekwa Somalia na kutoka huko Ethiopia, wakiwamo Wakenya, huku mawakili wao wakiwa bado wanaulizana mahakamani wako kituo gani.

Katiba ya 2010 ikaja, na kwa mtu wa kazi yangu ilikuwa kama kuwashiwa taa. Ibara ya 49 inasema ukikamatwa ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Ibara ya 24 haisemi kwamba haki haziguswi. Inasema zinaweza kupunguzwa kwa sheria, kwa kiasi kinachostahiki, na anayetaka kuzipunguza ndiye mwenye mzigo wa kueleza sababu. Hilo la mwisho watu hulipita haraka. Maana yake ni kwamba mimi sitakiwi kueleza kwa nini nisipekuliwe. Anayenipekua ndiye aeleze. Pale feri maelezo yapo, mtu yeyote anayaelewa: chombo kimoja, mamia ya watu, maji chini.

Aprili 2014 maelezo yalikuwa yapi? Operesheni ya Usalama Watch ilipoanza, maelfu ya askari waliingia Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, wakagonga milango usiku nyumba kwa nyumba, na watu karibu 4,000 wakakamatwa katika siku za mwanzo. Waliofanana na Wasomali walipelekwa uwanja wa michezo wa Kasarani kuchunguzwa makaratasi. Uwanja ambao tunauona kwenye runinga Harambee Stars wakicheza ukageuzwa mahali pa kungojea. Ningependa mtu anionyeshe, kwa majina na kwa hukumu, ni magaidi wangapi walipatikana pale. Nimechapa faili nyingi, najua tofauti ya kukamata na kushinda kesi. Eastleigh yenyewe waliuita mtaa wao mashine ya kutolea pesa, kwa jinsi watu walivyolazimika kununua njia ya kurudi nyumbani.

Na sisi huku tulikuwa na yetu. Tarehe 27 Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo, mhubiri wa hapa aliyeshukiwa kuliunga mkono kundi la Al-Shabaab la Somalia, alipigwa risasi barabarani akiwa garini na familia yake. Kesi yake ilikuwa mahakamani. Sikuwahi kukubaliana na mawaidha yake, na ndugu zangu wengi hawakukubaliana nayo, lakini mji uliwaka siku zile, makanisa yakavamiwa, askari wakauawa kwa guruneti. Tarehe 1 Aprili 2014 akafuata mhubiri mwenzake Abubakar Shariff, aliyejulikana kwa jina la Makaburi, nje ya mahakama ya Shanzu. Mpaka leo hakuna aliyehukumiwa kwa vifo hivyo. Mtu mwenye kesi akiuawa, kesi nayo inakufa, na kila alichokuwa anakijua kinakwenda naye kaburini: nani alimtumia pesa, nani alikuwa juu yake. Waliofurahia walifikiri wameondoa tatizo. Walichokiondoa ni shahidi. Novemba mwaka huo misikiti minne ya Mombasa, Musa, Sakina, Swafaa na Minaa, ikavamiwa na kufungwa, vijana zaidi ya 200 wakabebwa.

Ndipo nimfikie mama niliyetaka kumwandika tangu mwanzo.

Simtaji jina, wala mtaa. Alikuwa na mwana mmoja wa kiume, mrefu, mtaratibu, aliyekuwa akitusaidia kubeba mitungi ya maji. Alipotimiza miaka 18 alikwenda kuomba kitambulisho. Kwa watoto wa wenzetu ni vyeti viwili vitatu na alama za vidole. Yeye kwa jina lake na sura yake aliambiwa aje kupigwa msasa: akae mbele ya kamati ya wazee na maofisa, aulizwe babu alikuwa nani, alizikwa wapi, ana hati gani. Mara ya kwanza alikosa cheti cha kuzaliwa cha babu. Nani ana cheti cha kuzaliwa cha babu? Mara ya pili kamati haikukaa. Mara ya tatu akapewa karatasi ya kusubiria na kuambiwa angoje. Bila kitambulisho hasajili laini ya simu, hafungui akaunti, haajiriwi hata ubawabu. Kila msako ukipita mtaani yeye ndiye wa kwanza kuchukuliwa, kwa sababu hana kipande, na hana kipande kwa sababu hawampi. Usiku mmoja kituoni, asubuhi mama anakwenda kumtoa. Mara ya nne alipotoka hakuja tena kubeba mitungi.

Mama alikuja kwangu jioni moja, mwisho wa 2014, baada ya Magharibi. Hakukaa kitini, alikaa mkekani karibu na mlango. Akanieleza kwamba kijana ameacha kula na wadogo zake, ana simu mpya ambayo yeye mama hajui ilikotoka, anatoka nje kuipokea, na kuna mtu humjia na pikipiki ambaye havui kofia ngumu. Kisha akaniuliza, na maneno yake nayakumbuka kama alivyoyasema: "Wewe wafanya kazi kwa wakili. Nambie, nikenda kumsema mwanangu, watanirudishia?"

Sikuwa na jibu. Katika kipindi kile kila mtu mtaani alijua habari ya kijana aliyechukuliwa na gari lisilo na namba asionekane tena, au aonekane porini baada ya siku tatu. Mama yule alikuwa na habari ambayo dola nzima ilikuwa ikiitafuta kwa mabilioni, habari ya mwanzo kabisa, kabla ya bomu, kabla ya safari. Mtu wa pikipiki. Namba ya simu. Saa anazokuja. Alikuwa tayari kuitoa, alichotaka ni ahadi moja tu, kwamba mwanawe atafikishwa mbele ya hakimu. Ahadi hiyo imeandikwa kwenye Katiba, nami nimeichapa mara zisizo na hesabu, na nilishindwa kuitamka.

Nikamwambia angoje nimuulize wakili. Hilo ndilo kosa langu na nitakutana nalo. Wakili aliposikia alisema mlete, tutakwenda naye kituoni pamoja, tutaandikisha. Lakini yalikuwa yamekwisha kupita siku nne. Kijana alikuwa ameaga kwamba anakwenda kutafuta kazi Malindi.

Wakati huo huo Nairobi walikuwa wakigombania sheria. Tarehe 18 Desemba 2014 wabunge walirushiana ngumi na maji juu ya marekebisho ya sheria za usalama, na kesho yake Rais Uhuru Kenyatta akayatia saini. Tarehe 23 Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu wakavibatilisha vifungu vinane. Nimeisoma hukumu ile jioni kadhaa, kwa raha zangu, wengine husoma riwaya. Majaji hawakuudharau ugaidi. Kifungu kinachoruhusu vyombo vya usalama kunasa mawasiliano kwa ajili ya ugaidi walikiacha, jambo ambalo mpaka leo halinikai vizuri, ingawa hoja yao naifuata. Walichokikataa ni kama kile cha kuweka ukomo wa wakimbizi 150,000 katika nchi iliyokuwa na zaidi ya laki tano, maana yake uanze kuwafukuza kwa hesabu, na kile cha kumruhusu mwendesha mashtaka kumficha mshtakiwa ushahidi. Walisema, kwa maneno yangu si yao, twambieni hiki kinamzuia gaidi vipi. Jibu lililoridhisha halikuja.

Wiki tano na siku chache baadaye, alfajiri ya tarehe 2 Aprili, ikawa Garissa. Watu wanne wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu, wakawaua watu 148, wengi wao wanafunzi kwenye mabweni. Msichana mmoja alijificha kabatini siku mbili, akinywa losheni ya mwili. Nilisikia watu, na si watu wabaya, wakisema: mnaona sasa, mahakama imewafunga polisi mikono. Nikauliza, kifungu kipi kati ya vile vinane kingemfikisha askari bwenini mapema? Tahadhari ilikuwapo. Wiki ile ya mwisho wa Machi chuo kikuu kingine kilikwisha kuwaonya wanafunzi wake. Kikosi maalumu kutoka Nairobi kiliingia jioni, na kilipoingia kazi haikuchukua muda. Kilichokosekana toka alfajiri hadi jioni ni ndege, mawasiliano na mtu wa kutoa amri. Westgate nako vikosi vya serikali vilipigana risasi vyenyewe kwa vyenyewe, na wanajeshi wawili wakafungwa kwa wizi dukani. Hakuna haki ya raia iliyowazuia kufanya kazi yao sawasawa.

Siku chache baada ya Garissa serikali ikatoa orodha ya watu na mashirika wanaoshukiwa kuhusiana na Al-Shabaab, na ndani yake zimo MUHURI na Haki Africa, mashirika mawili ya haki za binadamu ya hapa Mombasa. Akaunti zao zikafungwa hadi mahakama ilipoamuru zifunguliwe Novemba. Fikiria: milango miwili ambayo mama kama yule angeweza kuibisha bila kuogopa ndiyo hiyo iliyopigwa kufuli.

Kuna jambo jingine la mwaka huo huo ambalo huwa nalirudia nikikata tamaa. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lililokuwa likienda Mandera lilivamiwa na wanamgambo wakawaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria walikataa. Kina mama walishawapa wenzao mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah alikuwa miongoni mwa waliokataa, akapigwa risasi, akafariki hospitalini Januari. Mwaka mmoja nyuma, njia zile zile za Mandera, watu 28 walitenganishwa hivyo hivyo na kuuawa. Abiria wale hawakuwa na silaha wala mamlaka. Walikuwa na jambo moja, walijiona ni abiria wa basi moja. Na hao ndio watu wa kaskazini mashariki ambao kila mwaka tulikuwa tukiwapiga msasa kama bati lenye kutu.

Ilipofika 2019 mahakama ya hakimu Nairobi iliwatia hatiani watu watatu kwa njama za Garissa, mmoja kifungo cha maisha, wawili miaka 41 kila mmoja, na wengine wakaachiwa kwa kukosa ushahidi. Mambo ya rekodi za simu, mashahidi, miaka minne ya kusogea taratibu. Watu walinung'unika kwamba ni pole pole mno. Mimi nilikata ile habari gazetini nikaibandika ukutani ofisini, juu ya mashine ya kutoa kopi. Wakili wangu akauliza kwa nini, mwenye ofisi ya kutetea washtakiwa kubandika hukumu ya kifungo. Nikamwambia hii ndiyo nilitaka kumwonyesha mtu fulani, miaka ile, akiniuliza swali.

Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba ule msasa wa vitambulisho umefutwa. Niliisikia redioni nikikaanga samaki, nikazima jiko.

Kitambulisho cha yule kijana kilitoka. Mwaka 2016, mama alipigiwa simu kutoka ofisi ya chifu: cha mwanao kimefika, mwenyewe aje achukue, lazima aweke kidole. Mama akasema mwanawe yuko safarini. Hajawahi kupata simu yake wala maiti yake. Wapo wanaosema alionekana ng'ambo ya mpaka, wapo wanaosema hakuvuka kabisa. Ile karatasi ya kusubiria anaiweka ndani ya nailoni, kwenye kasha la hati za nyumba. Mwaka jana chifu alihamishwa, naye akaenda na karatasi yake kumwona chifu mpya, kuuliza kama bado kipo. Aliambiwa kipo, kwenye droo. Mwenyewe aje.